Aliyeanguka Kasema "Si Kitu"

Kiswahili hakina upungufu wa maneno ya kuanguka. Mtu huteleza, hujikwaa, huserereka, huporomoka, hubwagika, hupiga mweleka. Akishafika chini tuna maneno ya kumpa: pole, pole sana, ajali haina kinga, Mungu amekuepusha na kubwa zaidi. Yeye naye ana jibu lake, ambalo kila mmoja wetu katika chama hiki amelisikia kwa mama, kwa bibi au kwa ami: "Si kitu, si kitu." Halafu anajipangusa, anaokota mfuko wake, anaondoka akichechemea.

Makala hii inahusu hayo maneno mawili na gharama yake. Nchi hii tunayoishi ina sheria nzima, yenye umri wa karibu miaka 70, juu ya mtu aliyeumia mahali pa mwenziwe, na sheria hiyo haikubali moja kwa moja kwamba ajali haina kinga. Inauliza swali jingine: kinga ilikuwa kazi ya nani, na je, aliifanya?

Tulilichukua jambo hili kwa sababu, tulipokuwa tukipiga soga baada ya kikao cha muhula uliopita, tuligundua kwamba karibu sote tunafanya kazi ileile bila mshahara, nayo ni ukalimani wa nyumbani. Wengine familia zetu zimetoka Mombasa na Lamu, wengine Unguja, Dar es Salaam, Goma. Lahaja ni mbalimbali lakini kazi ni moja: kukaa na mzee mbele ya daktari, kujaza fomu zake, kupokea simu zenye muziki usiokwisha. Na mzee akianguka, yale yanayosemwa siku mbili tatu za mwanzo, mara nyingi kwa kinywa chetu, ndiyo yanayoandikwa. Miezi sita baadaye, wakati kila mtu amesahau, yaliyoandikwa ndiyo yaliyobaki.

Chukueni kisa cha mama mkubwa wa mwenzetu mmoja. Ametupa ruhusa ya kukisimulia mradi tusimtaje yeye wala duka. Ni mwanamke wa miaka 62, mzaliwa wa Mombasa, na mtaani kwake anajulikana kwa sambusa. Harusi za huko hazinogi bila mkono wake. Jioni moja ya Novemba, katika ile mvua ya huku isiyonyesha wala isiyoacha, aliingia duka kubwa kununua vitunguu na bizari. Mbele ya majokofu kulikuwa na maji sakafuni, yakivuja kutoka chini ya jokofu lenyewe. Akateleza, akatanguliza mkono wa kushoto. Kijana wa dukani akaja mbio kumwuliza kama yu mzima. "Si kitu, mwanangu," akasema, kisha kwa Kiingereza chake cha dukani akaongeza kwamba yu salama kabisa. Meneja akaandika katika kitabu cha ajali: mteja ameteleza, amesema hakuumia. Mama mkubwa akalipia vitunguu vyake, akaenda zake.

Usiku mkono ulivimba kama andazi. Picha ya eksirei ilionyesha mfupa umevunjika karibu na kiganja. Akakaa wiki sita na plasta, na wiki nyingi zaidi na vidole visivyoweza kukunja manda. Arubuni za harusi tatu ilibidi azirudishe.

Kwa daktari alikwenda na mwenzetu. Daktari alipouliza imekuwaje, mama mkubwa akasema, "Mwambie nimeanguka, basi. Ya dukani yaache, isije ikawa tunamsema mtu." Mwenzetu akamjibu, "Mama mkubwa, ameuliza wapi na vipi. Nikimwambia umeanguka tu, ataandika umeanguka nyumbani." Pakawa kimya kidogo. "Haya, mwambie. Lakini sema kwa adabu."

Akamwambia: dukani, juu ya maji yaliyovuja jokofuni, jana saa kumi na mbili jioni. Daktari akapiga chapa. Tutayarudia hayo maandishi.

Mwenye mahali ni nani?

Sheria yenyewe ilitungwa mwaka 1957 na kuanza kutumika tarehe 1 Januari 1958. Inahusu England na Wales. Uskoti wana yao ya mwaka 1960. Jina lake tulijaribu kulitafsiri kikaoni na tukagombana vizuri. Mtu anayetajwa na sheria hiyo si "mwenye nyumba", maana huyo kwetu ni wa kudai kodi. Wala si "mkaazi", kwa kuwa duka halina mtu anayelala ndani yake. Sheria inamtazama yule mwenye mamlaka juu ya mahali: anayeweza kuamuru sakafu ipanguswe, mlango ufungwe, globu ibadilishwe. Tukakubaliana tuandike "mwenye mahali", ingawa tunajua walimu wetu watakuwa na lao la kusema.

Kesi iliyotufungua macho hapa ni ya Wheat dhidi ya Lacon, iliyoamuliwa mwaka 1966 na Bunge la Malodi, ambalo wakati huo ndilo lililokuwa mahakama ya juu kabisa. Mgeni aliyepanga chumba pamoja na familia yake juu ya baa moja huko Great Yarmouth alianguka usiku kwenye ngazi ya nyuma akafariki. Kishikio cha ngazi kilikoma kabla ngazi haijakoma, na juu hapakuwa na globu ya kuwaka. Baa ilikuwa mali ya kampuni ya bia. Meneja akiishi ghorofani na mkewe akipangisha vyumba. Basi nani mwenye mahali? Malodi wakajibu kwamba ni kampuni na meneja pia. Mahali pamoja paweza kuwa na wenyewe zaidi ya mmoja, kila mtu kwa kadiri ya mamlaka yake. Hata hivyo mjane hakupata fidia, kwa kuwa haikuthibitika kwamba walizembea. Huenda mtu asiyejulikana aliitoa globu muda mfupi tu kabla.

Tumeitaja kesi hiyo kwa urefu kwa sababu ina mafunzo mawili ambayo watu huyachanganya. Kuwa mwenye mahali ni jambo moja, kuwa na kosa ni jingine. Mtu anaweza kuvunjika mguu, hata kufa, katika jengo la mtu mwingine, na sheria ikasema: pole, lakini hakuna aliyekosea. Kila anayedhani kwamba kuanguka dukani ni kushinda bahati nasibu na aisome kesi ya yule mjane.

Upande wa pili yuko mgeni, na hapa tunadhani Kiswahili kinaeleza vizuri kuliko Kiingereza cha mawakili. Aliyepiga hodi akaitikiwa karibu, huyo ni mgeni, na duka likishafungua mlango limemwitikia kila mpita njia. Mwenye mahali anadaiwa uangalifu wa kiasi, kulingana na hali ilivyo, ili mgeni awe salama anapopatumia mahali hapo kwa jambo aliloitiwa. Sheria inasema wazi kwamba mwenye mahali ategemee watoto kuwa na uangalifu mdogo kuliko watu wazima. Lakini ukikaribishwa sebuleni ukaenda kupanda paa, karibu yako imekwisha. Na yule aliyeingia bila hodi? Sheria ya pili, ya mwaka 1984, inampa naye kinga, ila ni nyembamba zaidi.

Uangalifu wa kiasi

Neno "kiasi" ndilo linalobeba mzigo wote, nalo halipimwi kwa rula. Linapimwa kwa kesi.

Maarufu kuliko zote ni ya Ward dhidi ya Tesco, iliyochapishwa katika ripoti za mahakama mwaka 1976. Mteja huko Liverpool aliteleza juu ya mtindi uliomwagika sakafuni. Hakujua umemwagwa na nani wala saa ngapi, na angejuaje? Duka likasema sakafu yake hupigwa ufagio mara tano au sita kwa siku, na wafanyakazi wameagizwa kwamba anayeona kitu kimemwagika asimame papo hapo amwite mpangusaji. Lakini wiki chache baada ya kuanguka, mteja yuleyule alirudi akaona maji ya machungwa yamemwagika, yakakaa kama robo saa bila mtu kuyagusa. Majaji wa Rufani, wawili kwa mmoja, walisema kwamba ajali ya namna hiyo kwa kawaida haitokei pale ambapo sakafu inatunzwa ipasavyo, basi ni juu ya duka kueleza utaratibu wake ulifanyaje kazi siku ile. Mteja alipata kama paundi 137. Fedha si nyingi, lakini mpaka leo kila wakili anayedai kwa niaba ya mtu aliyeteleza dukani huanzia hapo.

Kinyume chake ni kesi ya mwaka 2002, ya duka dogo la chakula cha kubeba. Usiku wa mvua, wateja wengi, sakafu imelowa kwa viatu vyao, mwanamke mmoja akateleza akavunjika kifundo cha mguu. Alishinda mwanzo, akashindwa kwenye rufani. Wenye duka walikuwa wameweka vigae visivyoteleza kwa urahisi, na walikuwa na utaratibu wa kupangusa. Majaji walio wengi waliona kwamba duka dogo lililojaa watu usiku wa mvua haliwezi kukauka kila dakika. Sisi tuliposoma tuligawanyika kama majaji wenyewe. Wale ambao wazazi wao wana maduka walikuwa upande wa duka.

Njia za miguu barabarani zina sheria yake, ya barabara, ya mwaka 1980, na hapo mdaiwa ni halmashauri. Msitegemee sana. Mwaka 1992 Mahakama ya Rufani ilimnyima fidia mtu aliyenasa kisigino cha kiatu kwenye shimo la inchi moja na robo, penye tofali lililovunjika kona, ikisema kwamba njia za dunia hii hazitakuwa laini kama meza na kila mtembeaji anajua. Maneno ni yetu, maana ni ya jaji.

Na kwa yeyote anayedhani mahakama huhurumia ukubwa wa jeraha, ipo kesi ya Tomlinson ya mwaka 2003. Kijana wa miaka 18 alipiga mbizi katika ziwa la bustani ya umma, maji yakiwa mafupi, akavunjika shingo akapooza. Palikuwa na vibao vya kukataza kuogelea. Malodi walimhurumia sana, lakini hawakumpa kitu. Walisema mtu mzima aliyechagua hatari iliyo wazi hawezi kumtupia mwingine, na walijali pia kwamba watu wote wengine wasije wakafungiwa fukwe na bustani kwa ajili ya wachache.

Tukitoka kwenye kesi hizo turudi kwenye maji ya jokofu, tofauti inaonekana. Mvua huingia na kila mteja. Jokofu ni la duka. Likivuja, duka lina rekodi za fundi na wafanyakazi wanaopita mbele yake mchana kutwa. Kwa hiyo mwenzetu alipoulizwa na wakili maswali ya mwanzo, hayakuwa "aliumia kiasi gani" bali maji yalikuwa ya namna gani, yalitoka wapi, kulikuwa na kibao cha njano, nani aliona. Mtu akipiga picha ya sakafu kwa simu kabla haijapanguswa amefanya kazi kubwa kuliko barua tatu za baadaye. Kamera za ulinzi nazo zina picha, lakini mara nyingi hufutwa baada ya muda mfupi, na sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi inampa mtu haki ya kuomba picha zake mwenyewe. Aombe mapema, kwa maandishi, ataje saa.

Kibao cha njano kinastahili neno lake. Watu wengi huamini kwamba kikisimama pale, duka limeokoka. Si hivyo. Onyo linamwokoa mwenye mahali iwapo linamwezesha mgeni kuwa salama. Kibao kilichofichwa nyuma ya rafu hakimwezeshi mtu yeyote. Na yale maandishi ya ukutani, "hatuhusiki na jeraha lolote", ni wino tu kwa mfanyabiashara aliyezembea. Tangu sheria ya mwaka 1977 mfanyabiashara hawezi kujivua kwa tangazo wajibu wa kifo au jeraha lililotokana na uzembe wake.

Naye aliyeanguka hupimwa. Kwa sheria ya mwaka 1945, mahakama ikiona mdai alichangia kuumia kwake, humkata fidia kwa kadiri ya mchango wake. Tunawaomba wazee wetu, kwa heshima zote, waache kutoka na kandambili mwezi wa Januari.

"Pole" na "samahani"

Hapa ndipo kazi ya mkalimani inapokuwa ngumu, na ndipo tulipojifunza kitu tusichokitarajia. Kiswahili kina "pole" na kina "samahani". Pole humwambia mtu yeyote aliyepatwa, hata kama wewe ulikuwa bara jingine. Samahani hukiri. Kiingereza kina neno moja kwa yote mawili. Meneja akisema neno lake, mzee husikia samahani, akaona kwamba duka limeshakiri na kuomba radhi, na kwa mtu muungwana radhi ikishaombwa shauri limekwisha. Mwenye kesi naye husikia samahani akadhani ameshashinda. Wote wawili wamekosea. Sheria ya Fidia ya mwaka 2006 inasema kwamba kuomba radhi, au kumpa mtu matibabu, peke yake si kukiri uzembe. Kwa hiyo meneja ana ruhusa ya kuwa na utu, na anayesikia aitafsiri "pole".

"Si kitu" nayo ina tafsiri yake. Kwetu ni adabu: maana yake msisumbuke, nina aibu, niacheni niinuke. Kwenye kitabu cha ajali inakuwa taarifa ya afya. Tunapendekeza maneno ambayo mzee yeyote anaweza kuyasema bila kujidhalilisha wala kumsema mtu: "Sijui bado. Nimeangukia mkono. Naomba muandike hivyo." Ni kweli tupu, na hakuna adabu iliyovunjwa.

Kampuni ya bima ya lile duka ilikataa madai kwa barua ya kurasa mbili, ikinukuu kitabu cha ajali: mteja alisema hakuumia. Maandishi ya daktari ndiyo yaliyoijibu, kwa kuwa siku moja tu baada ya kuanguka, kabla mtu yeyote hajafikiria fidia, yalikuwa yameshataja duka, jokofu na maji. Wakili aliomba rekodi za matengenezo. Jokofu lilikuwa limeripotiwa kuvuja asubuhi ya siku ileile. Shauri likaisha kwa barua, bila mtu kusimama mbele ya jaji, kama yanavyoisha mengi. Mama mkubwa alilipwa maumivu yake, kazi za harusi alizozikosa, na nauli za hospitali. Bado ananunua vitunguu palepale na yule kijana humsalimia.

Fedha na muda

Muda ni miaka mitatu tangu siku ya ajali, au tangu siku mtu alipojua kwamba ameumia na ni kwa sababu ya nani. Kwa mtoto saa hiyo huanza kuhesabu anapotimiza miaka 18. Mahakama inaweza kusogeza muda, lakini si wa kutegemewa.

Jeraha ambalo fidia yake ya maumivu haizidi paundi 1,500 huenda kwenye madai madogo, na huko gharama za wakili kwa kawaida hazirudishwi hata ukishinda. Juu ya hapo, mawakili wengi huchukua kazi kwa mkataba wa usiposhinda hulipi. Ukishinda, wanaweza kukata nyongeza yao kwenye fidia yako, isiyozidi asilimia 25, na kiwango hicho hakigusi fedha za hasara za baadaye. Someni mkataba huo na mzee kabla hajatia saini. Tumeona mikataba yenye bima ndani yake, ada ndani yake, na ada ya hiyo ada.

Tangu mwaka 2018 kampuni za madai zimekatazwa kuwapigia watu simu ambao hawakuomba kupigiwa. Bado wanapiga. Anayekupigia akijua umeanguka kabla wewe hujamwambia, mkate simu.

Neno moja juu ya uongo. Aliyeshindwa kwa haki katika madai ya namna hii kwa kawaida halipi gharama za upande wa pili. Kinga hiyo huondoka mtu akionekana si mwaminifu katika jambo la msingi, na tangu mwaka 2015 mahakama inatakiwa kuyafuta madai yake yote, hata ile sehemu ya kweli, isipokuwa kufanya hivyo kungekuwa dhuluma kubwa. Mtu anayesema hawezi kuinua mkono kisha akaonekana kwenye video ya harusi akicheza chakacha amejimaliza mwenyewe.

Wazazi wetu wengi husafisha ofisi usiku, na kwao kuna mlango mwingine. Mwajiri analazimishwa na sheria ya mwaka 1969 kuwa na bima kwa ajili ya wafanyakazi wanaoumia, isiyopungua paundi milioni 5. Takwimu za serikali zinaonyesha mwaka baada ya mwaka kwamba kuteleza na kujikwaa ndiko kunakoumiza wafanyakazi wengi kuliko sababu nyingine yoyote isiyoua, karibu theluthi moja ya majeraha yanayoripotiwa. Anayepiga deki ndiye wa kwanza kukanyaga maji.

Wazee walituuliza

Tulipoyapeleka haya nyumbani, tulipata upinzani, na haukuwa wa kipuuzi. Baba mmoja alisema: riziki haitafutwi kwa kuanguka. Bibi mmoja akasema lililoandikwa limeandikwa, ukimdai mtu ni kama unambishia Mungu. Mwenzetu aliyesoma madrasa mpaka ukubwani akamkumbusha bibi yake kwa upole kwamba fikihi yenyewe ina dia na ina arshi ya jeraha, vyote vimepangwa na watu walioamini kadari kuliko sisi. Bibi akasema atalifikiria. Bado analifikiria.

Wengine waliona ni tabia ya Kizungu. Hapo tulikuwa na jibu la haraka: Kenya ina sheria yake ya wenye mahali, Sura ya 34, iliyofuata mfano wa ile ya 1957 karibu neno kwa neno, na muda wake wa kudai nao ni miaka mitatu. Aliyeteleza Nairobi dukani ana njia ileile ya aliyeteleza Leicester.

Hofu kubwa zaidi ilikuwa ya kuwadai watu wetu wenyewe. Sheria haibagui duka na nyumba. Shangazi akianguka kwenye ngazi ya kaka yake, kaka ni mwenye mahali. Hakuna aliyetuambia angefanya hivyo, na hatumlaumu. Ila wengi hawajui kwamba bima nyingi za vitu vya nyumbani hubeba wajibu huo kwa mgeni, kwa hiyo anayelipa si kaka bali kampuni aliyoichangia miaka yote. Na nyumba ikiwa ya kupanga, zulia limeng'oka kwa kuwa mwenye nyumba amekataa kutengeneza alichopaswa, sheria ya mwaka 1972 inamfikia yeye hata kwa ajili ya mgeni. Hapo "mwenye nyumba" ndilo neno sahihi.

Mwishowe tulijiuliza juu yetu. Usiku wa taarabu wa chama hufanyika katika ukumbi wa kukodi. Funguo tunapewa sisi, viti tunapanga sisi, nyaya za spika tunatandaza sisi kutoka jukwaani mpaka ukutani, na bibi zetu hupita juu yake gizani wakienda kutunza waimbaji. Kwa mafunzo ya Great Yarmouth, kwa saa zile nne sisi nasi ni wenye mahali, pamoja na wenye ukumbi. Kamati imeshaandika barua kuuliza bima ya chama cha wanafunzi inafika wapi. Mwaka huu nyaya zitapita ukutani, taa ya njia ya kwenda jukwaani haitazimwa, na kitambaa cha kupangusia kitakaa kwenye meza ya sharubati. Kitabu cha ajali kitakuwa mlangoni kwa katibu, na ameagizwa kwamba akiambiwa "si kitu" aulize mara ya pili.